Tando za ubongo na upasuaji wa sakafu ya fuvu: maswali tunayoulizwa wodini Mombasa

Mimi ni muuguzi. Nimehudumu miaka mingi katika wodi za upasuaji wa kichwa hapa Mombasa, na jamaa za wagonjwa huniuliza maswali yaleyale, wengine kwenye benchi la nje, wengine usiku kwa simu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mengi hurudi kwenye jambo moja: tando zinazouzunguka ubongo zinazuia maji yasitoke, na mpasuaji anayefanya kazi chini ya ubongo hupanga njia yake kwa kuzifuata tando hizo. Ukilishika hilo, masharti tunayowapa mnaporudi nyumbani hayatakuwa mageni kwako.

Sista, hizo tando ni ngapi, na zimekaaje?

Ni tatu. Chukua nazi kavu iliyokwisha kufuliwa. Kifuu ndicho fuvu. Ukikivunja taratibu utaona ngozi ya kahawia iliyoganda juu ya nyama ya nazi. Hiyo ni mfano wa utando wa ndani kabisa, unaoitwa "pia mata", ambao hufuata kila bonde na kila kilima cha ubongo bila kuachana nao. Utando wa nje, dura, nazi haina. Huo ni mgumu kama ngozi ya ngoma, na umejibandika upande wa ndani wa fuvu. Kati ya hizo mbili ipo araknoidi, nyembamba, inayopitisha nuru, na nyuzi zake hushuka hadi kwenye pia mata. Jina hilo limetoka kwa Wagiriki na maana yake ni buibui. Kiswahili nacho kimeliona jambo hilo kwa njia yake, kwa kuwa utando kwetu ni ngozi laini, na ni nyumba ya buibui vilevile.

Kati ya araknoidi na pia mata ndimo yanamokaa maji ya ubongo. Mtu mzima huwa nayo takriban mililita 150 kwa wakati mmoja, hayajazi glasi ya chai. Lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo hubadilishwa mara tatu au zaidi kutoka asubuhi hadi asubuhi. Ubongo unaelea humo, na ndiyo sababu hausagiki juu ya mifupa ukigeuza shingo.

Dura yenyewe ina matabaka mawili. La nje limeshikamana na mfupa, la ndani limeelekea ubongo. Kwa sehemu kubwa yameungana, ila mahali fulani huachana, na katikati yao hupita mifereji mikubwa ya damu inayotoka kwenye ubongo. Mahali pengine tabaka la ndani hujikunja na kuwa ukuta: mmoja unashuka katikati ya pande mbili za ubongo, umepinda kama mundu, na mwingine umetandwa kama hema juu ya ubongo mdogo wa kisogoni.

Kwa nini madaktari wanaiita "mata"? Ni jina la mtu?

Ni neno la Kilatini lenye maana ya mama, na asili yake inatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani. Waganga walioandika kwa Kiarabu waliziita tando hizi umm, yaani mama wa ubongo: mmoja mnene, mmoja mwembamba. Kitabu cha tiba cha Ali ibn al-Abbas al-Majusi, mganga wa karne ya 10, kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, mfasiri alilihamisha neno hilo lilivyo. Kwa hiyo mpasuaji akisema dura mata leo, anasema mama mgumu. Mtaani kwetu, ambako mwanamke hadi leo huitwa Umm fulani, jina hilo halihitaji kufafanuliwa.

Sakafu ya fuvu ndiyo sehemu gani hasa?

Rudi kwenye nazi, uigeuze. Upande mmoja ni mviringo mtupu, upande wa pili una macho. Fuvu nalo liko hivyo. Paa lake ni mfupa mzima, lakini sakafu yake, ile iliyo juu ya macho, pua, masikio na koo, imetobolewa kila mahali ili neva na mishipa ya damu ipite. Tundu kubwa kuliko yote liko nyuma, ambako uti wa mgongo unaanza safari yake.

Sakafu hiyo imeshuka kwa ngazi tatu. Ya mbele iko juu ya pua na macho, ya kati iko usawa wa masikio, ya nyuma iko chini zaidi na imebeba ubongo mdogo na shina la ubongo. Ukiweka kidole katikati ya nyusi ukafikiria mstari unaoingia ndani moja kwa moja, utafika karibu na kiti kidogo cha mfupa ambacho wataalamu wa zamani walikiita tandiko la Kituruki. Juu ya tandiko hilo inakaa tezi ya pituitari, inayoongoza homoni nyingi za mwili, ndogo kama choroko iliyovimba maji, na juu yake imewambwa dura kama kiwambo chenye tundu la kupitishia kikonyo cha tezi.

Daktari alisema dura "imeng'ang'ania mfupa" pale chini. Ana maana gani?

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe, hasa wenye vijana wanaoendesha bodaboda.

Kwenye paa la fuvu, dura ya kijana hubanduka na mfupa bila shida kubwa. Mpasuaji akitoboa mfupa juu anaweza kuisukuma dura taratibu ikabaki nzima. Kwenye sakafu mambo ni tofauti. Kila neva inayotoka tunduni imevikwa kipande cha dura kama mkono wa kanzu, na kila ukingo wa mfupa umeshikwa. Mbele kabisa, juu ya pua, mfupa ni mwembamba na una vitundu kama chujio. Nyuzi za neva ya kunusa hupita humo, na kila uzi umefungwa katika ala yake. Hapo dura na mfupa ni kitu kimoja.

Matokeo yake: mfupa wa sakafu ukivunjika, dura huchanika pamoja nao. Mtu akiangushwa na pikipiki barabara ya Changamwe, akagonga paji la uso, ufa ukapita kwenye lile chujio, maji ya ubongo yanaweza kushuka puani. Ufa ukipita kwenye mfupa wa sikio, yatatoka sikioni, au kama ngoma ya sikio ni nzima, yatapita kwenye mrija wa ndani na kutokea puani vilevile. Ndiyo maana majeruhi mwenye weusi kuzunguka macho yote mawili, au mchubuko wa zambarau nyuma ya sikio, hatumpitishi mpira wa chakula puani hadi picha ya CT isomwe. Mpira unaweza kupenya kwenye ufa ukaingia kichwani.

Kaka yangu alianguka, akaamka, akazungumza nasi vizuri, kisha akazimia. Ilikuwaje?

Mara nyingi hiyo ni damu iliyojikusanya kati ya dura na mfupa. Ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) inayolisha dura huingia kupitia tundu dogo kwenye sakafu ya kati, kisha hupanda upande wa kichwa, ikiwa imelala kwenye mfereji ndani ya mfupa wa panja. Mfupa huo ni mwembamba. Ukivunjika, ateri hukatika, na damu yenye msukumo huanza kuibandua dura kidogo kidogo. Mtu anaweza kukaa muda akiwa na akili timamu, akanywa maji, akasema anataka kulala. Msimwache alale nyumbani. Damu ikiwahiwa kutolewa, wengi wanapona kabisa, kwa sababu ubongo chini yake mara nyingi haukuumia.

Damu ya chini ya dura ni nyingine. Hiyo mara nyingi hutoka kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zinazovuka kutoka ubongo kwenda kwenye mifereji ya dura, na kwa wazee inaweza kujikusanya kwa majuma baada ya kugonga kichwa kidogo tu mlangoni.

Mama yetu ana uvimbe wa pituitari. Kwa nini wapitie puani badala ya kufungua kichwa?

Kwa sababu pua ndiyo njia fupi isiyousogeza ubongo. Nyuma ya pua kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa wa sfenoidi, na ukuta wake wa nyuma ndio sakafu ya lile tandiko. Hermann Schloffer alimwondolea mgonjwa uvimbe wa pituitari kupitia puani mwaka 1907 huko Innsbruck, Austria, akifanya kazi kwa macho matupu. Leo hutumika hadubini au endoskopu, kamera nyembamba kama kalamu.

Mpasuaji akishatoboa mfupa anakutana na dura. Anaikata, anaingia kwenye tezi, anauchota uvimbe. Ukishatoka, kiwambo na araknoidi ya juu yake hushuka kama chandarua kilichokatwa kamba, na hapo ndipo mkono unapopaswa kuwa mwepesi kuliko popote. Araknoidi ikibaki nzima, maji hayatoki. Ikitoboka hata tundu la sindano, yatatoka, na mpasuaji ataliziba palepale.

Ubavuni mwa tandiko, kulia na kushoto, matabaka mawili ya dura yameachana na kufanya chumba cha damu ya vena kiitwacho sinasi ya kavenosi. Ndani yake inapita ateri kubwa ya karotidi pamoja na neva ya sita, inayolivuta jicho kwenda nje. Neva nyingine za macho, ya tatu na ya nne, na matawi mawili ya neva ya tano, ile ya hisi za uso, zimelala ndani ya ukuta wake wa nje. Kwa hiyo ukisikia mgonjwa ameanza kuona vitu viwili viwili, fikiria ukuta huo wa dura. Kwa muda mrefu chumba hicho kiliogopwa. Katika miaka ya 1980 madaktari kama Vinko Dolenc wa Ljubljana, Slovenia, walionyesha kwamba ukuta wake wa nje ni matabaka mawili yanayoweza kubanduliwa moja juu ya lingine, neva zikabaki salama upande wa ndani. Mimi huona hilo kuwa jambo kubwa: njia ilikuwapo siku zote ndani ya utando, ilingoja mtu wa kuitazama vizuri.

Uvimbe wa shangazi unaitwa meninjioma. Ni saratani?

Nyingi si saratani. Huota kutoka kwenye seli za araknoidi, hukua polepole, na huonekana kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Jina lilitolewa na Harvey Cushing wa Marekani mwaka 1922. Shida yake kwenye sakafu ya fuvu si ukali, ni mahali. Imeotea kwenye dura ambayo neva na ateri zinapita ndani yake.

Basi kwa nini hawakuutoa wote? Tumelipa, tumesubiri, na kipande kimebaki.

Naelewa uchungu wa swali hili, nimelisikia kwa mama, kwa mume, kwa mtoto wa mgonjwa. Mwaka 1957 Donald Simpson aliandika madaraja ya kuondoa meninjioma, na daraja la kwanza ni kutoa uvimbe, dura ulikoshikamana, na mfupa ulioharibika. Kwenye paa la kichwa hilo linawezekana. Kwenye sakafu, kukata dura yote kunaweza kuwa ni kukata neva ya jicho.

Mpasuaji hutafuta mpaka wa araknoidi. Kama utando huo bado upo kati ya uvimbe na ubongo, anaweza kuuvua uvimbe kama unavyomenya embe lililoiva, neva zikabaki upande wa pili. Kama uvimbe umeula utando huo na kushikana na ateri au shina la ubongo, mpaka haupo tena, na kila milimita mbele ni kubahatisha uhai. Kuacha kipande kilichoganda kwenye karotidi, kisha kukifuatilia kwa picha za MRI au kukipiga mionzi, mara nyingi ni uamuzi wa mtu mwenye uzoefu. Mwulizeni daktari wazi: "Mpaka ulikuwapo?" Atawajibu.

Kukatwa dura kunauma?

Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Dura inahisi, kwa sababu inapata neva, hasa kutoka neva ya tano, ile ya hisi za uso, na zile za juu ya shingo. Upasuaji wa puani hufanywa mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi, hasikii kitu. Kichwa kuuma siku zinazofuata ni jambo tunalolitarajia na tuna dawa zake.

Dura ikishakatwa, wanaizibaje? Wanashona?

Kwenye paa la fuvu, ndiyo, hushonwa. Kupitia puani, kushona ni kazi ngumu mno, kwa hiyo huzibwa kwa matabaka. Nenda bandari ya zamani pale Mji wa Kale umtazame fundi akitia kalafati: pamba husukumwa ndani ya ufa kati ya mbao, kisha mafuta na lami juu yake. Kazi ya mpasuaji inafanana na hiyo, isipokuwa maji yako ndani na yanataka kutoka nje.

Hutwaa kipande cha ngozi nyembamba inayofunika misuli ya paja, au mafuta kidogo ya tumboni, ndiyo maana mgonjwa wa kichwa hurudi na bandeji pajani au tumboni na jamaa wakashangaa. Kipande cha kwanza mara nyingi huingizwa kwa ndani ya tundu, ili msukumo wa maji yenyewe ukibane kwenye kingo za dura. Kingine huwekwa nje. Juu yake, tundu likiwa kubwa, hulazwa ngozi ya ndani ya pua iliyobanduliwa kwenye ukuta unaogawa matundu mawili ya pua, ikiwa bado imeshikana na ateri yake, kwa hiyo inabaki hai na kuota pale. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 2006, chimbuko lake likiwa kwa madaktari Hadad na Bassagasteguy wa Argentina, na ilipunguza sana uvujaji baada ya upasuaji mkubwa wa puani. Kiraka kinahitaji majuma kushika. Majuma hayo ni yenu, si ya daktari.

Nitajuaje kama ni mafua au maji ya ubongo?

Mafua huwa mazito, hutoka pande zote mbili, huja na kuwashwa pua na kupiga chafya. Maji ya ubongo ni meupe kama ya mvua, mara nyingi hutoka tundu moja, na huongezeka mtu akiinama. Wengine huonja chumvi kooni wanapolala chali, au hukuta mto umelowa asubuhi. Kitambaa chenye makamasi kikikauka huwa kigumu kama kimetiwa wanga, cha maji ya ubongo hakiwi hivyo. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara, cha protini iitwayo beta-2 transferini, kwa hiyo tunawaomba mkusanye matone kwenye chupa safi badala ya kuyafuta tu.

Nilimwuguza kijana mmoja, dereva wa tuktuk, aliyepata ajali akashonwa jeraha la paji na kuruhusiwa. Pua ilidondoka maji kwa majuma. Alikokwenda alipewa dawa za mafua mara tatu. Alipofika kwetu shingo ilikuwa imekakamaa na hamtambui mamaye. Alipona, lakini sikio moja halisikii tena. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akiniambia "mafua ya upande mmoja" na aliwahi kugonga kichwa au kufanyiwa upasuaji wa pua, sitaki kusikia neno mafua. Aje tumwone.

Homa ya uti wa mgongo inahusikaje hapa?

Jina letu limetupoteza kidogo. Ugonjwa huo kwa hakika ni kuambukizwa na kuvimba kwa tando za ubongo na za uti wa mgongo. Tando zikiwa nzima, vijidudu vya puani hubaki puani. Tundu likiwapo, njia iko wazi ya kupandia, na kijidudu kinachoogopwa zaidi ni nyumokokasi. Wagonjwa wenye uvujaji hushauriwa chanjo yake. Homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kuchukia mwanga, maneno kuvurugika: moja ya hayo likimpata aliyefanyiwa upasuaji, msingoje asubuhi, hata kama ni lazima kuvuka kivuko cha Likoni usiku.

Baba ni mtu wa sala tano. Anaweza kusujudu?

Si katika majuma ya mwanzo. Kichwa kikishuka chini ya moyo, msukumo wa maji huongezeka palepale penye kiraka. Sala ya mgonjwa kwa kukaa na kuashiria rukuu na sijida inajulikana, na mashekhe wetu hawaioni ajabu. Katika kutawadha, kupandisha maji puani kwa Washafii ni sunna, kwa hiyo ayaache, udhu wake unatimia. Kwa funga ya Ramadhani, wagonjwa wa pituitari wasikilize daktari kwanza, kwa sababu wengine hupoteza maji mengi kwa mkojo na wengine hutegemea vidonge vya homoni visivyoweza kukoswa. Na wenzetu wa kanisani, kupiga magoti kunaruhusiwa mradi kichwa kibaki juu.

Masharti mengine ni yapi?

Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, daktari akiongeza aongeze. Asipenge kamasi. Chafya ikija, afungue mdomo itokee huko. Ugoro aache kabisa. Alale ameinua kichwa kwa mito miwili. Asibebe mtungi wa maji wa lita 20, asikae kwenye mbuzi kukuna nazi, maana pale mtu huinama na kusukuma kwa nguvu kwa wakati mmoja. Choo kisiwe kigumu: papai, ukwaju na maji ya kutosha, na kikikataa kuna dawa. Kuogelea baharini bado, hata pale kwenye maji ya magoti, kwa sababu wimbi halimwombi mtu ruhusa kuingia puani. Safari ya ndege ingoje daktari ahakikishe hakuna hewa iliyobaki kichwani, kwani hewa hutanuka ndege inapopaa.

Pua ikidondoka maji tukiwa tayari nyumbani, tufanye nini kwanza?

Mketisheni akiwa ameinua kichwa, msimzibe pua kwa pamba, msimpe dawa ya kunyunyizia. Kingeni matone kwenye chupa safi, andikeni saa yalipoanza, mje nayo usiku huohuo.